Siku Tuliyomlilia Rasmus

Tangu tumzike mama sijakaa kitako nikatulia. Nikianza kuchambua mchele naacha katikati, nafagia uwanja uliokwisha kufagiliwa, nakwenda hadi barabarani na kurudi bila kununua kitu. Nilibaki Kigera kwa mdogo wangu wa kiume baada ya matanga kwa sababu walisema nisirudi kukaa peke yangu. Nilikubali, lakini nyumba ya watu wenye shughuli zao si mahali pa mtu kutulia.

Jioni moja binti wa mdogo wangu huyo alikuwa sebuleni, simu ya baba yake ameiegemeza kwenye chupa ya chai. Shuleni kwao wanasoma Kiingereza pamoja na darasa la watoto wa nchi nyingine, kila mmoja akiwa kwao, wanaonana kwenye kioo na kusahihishana. Yeye anawafundisha Kiswahili, wao wanamsaidia Kiingereza, ingawa na wao si lugha yao. Nilipopita na beseni niliona mtoto mmoja wa kule amemwinua paka mpaka akajaza kioo chote. Binti yetu akauliza anaitwa nani. Akatajiwa jina la mtu kabisa, akacheka, akaliandika. Mimi niliweka beseni chini nikatoka nje.

Sikukasirika. Ni kwamba siku ya mazishi, waliposoma maisha ya marehemu kanisani, walisema mama alijaliwa watoto watano, na mimi nilikuwa kwenye benchi la wafiwa nikijua tulikuwa sita. Nilinyamaza. Wadogo zangu hawamkumbuki yule wa sita, wengine walikuwa hawajazaliwa. Aliyebaki anamkumbuka pamoja nami ndiye huyo tuliyekuwa tunamzika. Na kama jina lake liliwahi kutajwa kwetu, lilitajwa kwa sababu ya watoto wa mbali kama hao wa kwenye simu, zamani ambazo hatukuwa na simu. Tulikuwa na redio kaseti ya mwalimu na betri zilizoanikwa juani ili zipate nguvu kidogo.

Aliitwa Majura, kwa kuwa alizaliwa mvua ikinyesha. Kwetu kulikuwa upande wa Mugango, ziwa mbele ya nyumba na mihogo nyuma. Tangu kitovu chake kilipokauka alikuwa wa mgongoni kwangu. Mama alilima na kuanika dagaa, wadogo zangu wawili walikuwa bado wa kuangaliwa, na mimi nilikuwa mkubwa. Nilikwenda naye ziwani kuchota maji, nilikwenda naye kuokota kuni, na siku ambazo mama alikuwa na kazi nyingi nilikwenda naye shule, nikasimama karibu na mlango ili akilia nitoke. Begani kwangu gauni lilikuwa na sehemu isiyokauka, kwa mate yake. Sehemu hiyo ilinuka maziwa yaliyochacha kidogo, na nilikuwa nainusa mwenyewe nikiwa darasani.

Alipoanza kutafuna kila kitu, nilimpa kidole changu. Asubuhi moja kitu kigumu kikanikwaruza, fizi ya chini, kama punje ya mchanga. Nilikaa nacho moyoni. Nilitaka jino litokeze kabisa nimshike kidevu mbele ya mama na kumwonyesha, nione uso wake.

Homa ilikuja wiki hiyohiyo. Zahanati haikuwa na dawa. Ilikuwa miaka ambayo hata sabuni hatukuwa nayo, tunafulia majani ya mpapai. Wakasema tumpeleke Musoma, na gari la Musoma halikuwa na mafuta. Alikufa mchana, mama amempakata mlangoni, akitazama njia ambayo baba alikuwa ameifuata kutafuta baiskeli.

Bibi yangu mzaa baba alishika taratibu za kale kuliko wote, na kwake mtoto aliyekufa kabla ya kuota jino hakuliliwa. Wanawake wa nyumba walimzika wenyewe nyuma ya nyumba, haraka, bila kutuma habari kwa mtu. Ng'ombe waliporudi malishoni ilikuwa imekwisha, na mama alikuwa jikoni anasonga ugali. Bibi alisema mtoto wa namna hiyo akililiwa anafunga tumbo la mama yake. Nilimfuata nikamwambia, bibi, ana jino. Akaniambia ninyamaze. Nikamfuata shangazi. Nikamfuata baba, akaangalia pembeni. Nilidhani tatizo ni kwamba hawakumchungulia mdomoni. Nilidhani wakijua tu, watu wataitwa, moto utawashwa uwanjani, wanawake watakuja wakilia kutoka mbali kama walivyokuja kwa babu. Mwisho nilimwambia mama. Aliniangalia muda, halafu akanituma maji.

Baada ya hapo mgongo wangu ulikuwa mwepesi mno. Sijui niseme vipi. Nilijifunga kanga mgongoni bila kitu ndani, mpaka shangazi akanivua. Nikisimama niliyumba kidogo, kulia na kushoto, kama anayebembeleza, na darasani walinicheka. Nikikaa niliinuka. Usiku nililala chali kwa sababu kulala kifudifudi kulinikumbusha. Hakuna aliyenikataza kulia kwa ukali, lakini kila macho yangu yakijaa kulikuwa na mtu wa kunituma kitu.

Mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa Mwalimu Wambura, mtu wa Butiama, mrefu, mwenye shati moja jeupe alilolipenda kuliko mengine. Kuna mama mmoja mzungu aliyewahi kuishi Musoma, aliporudi kwao Denmark akawa mwalimu wa watoto wa umri wetu. Yeye na Mwalimu Wambura walikubaliana madarasa yao yajifunze Kiingereza kwa kutumiana kanda. Watoto wa kule walirekodi, kanda ikaja Musoma, Mwalimu akaifuata kwa baiskeli. Sisi tukaisikiliza, tukajibu, ikarudi. Vitabu vya Kiingereza shuleni tulisoma watoto wengi kwa kimoja, na ambacho kilikuwa na jalada kilifungiwa kabatini. Kwa hiyo kanda ndiyo ilikuwa kitabu chetu. Mwalimu alichezesha sentensi moja, akasimamisha, tukaisema. Akairudisha nyuma, tukaisema tena. Tulijua kikohozi cha mtoto mmoja wa kule aliyekohoa kila alipofika neno gumu, na Mkama, mchekeshaji wa darasa, alikuwa akiikariri sentensi pamoja na kikohozi.

Kanda moja ilipokuja sauti zilikuwa za chini. Mwalimu alisikiliza akiwa ameinamia redio, akairudisha nyuma, akatueleza. Rasmus amekufa. Aliishi ndani ya darasa lao, karibu na dirisha. Kila siku mmoja wao alimletea chakula. Asubuhi ya Jumatatu walipofungua darasa walimkuta amekufa, na wote wana huzuni sana.

Halafu maswali yakaanza. Inakuwaje mtoto wa Ulaya akose nyumba mpaka alale darasani? Mwalimu akafikiri, akasema huenda ni yatima. Mkama akauliza, "Kwa hiyo Jumamosi na Jumapili hakuna aliyemletea chakula?" Hakuna aliyecheka. Sisi njaa tulikuwa tunaijua, na tuliona jambo lote kwa macho: mtoto kajikunja chini ya dirisha, shule imefungwa, siku mbili hakuna mtu. Wengine walisema wale watoto ni wabaya. Wengine walisema si wabaya, hawana ndugu wakubwa wa kuwafundisha. Mwalimu mwenyewe alikaa kwenye kona ya meza, akasema hakuwahi kudhani kwamba na huko kuna mambo hayo.

Saa ile ilikuwa ya kwenda shamba la shule. Tukabeba majembe, na Mkama akasimama mlangoni na lake begani.

"Mwalimu, kwenye msiba hatulimagi."

Mwalimu akamwambia aache ujanja. Lakini wengine nao walikuwa wamesimama, na kweli kwetu, mtu akifa, jembe halishiki ardhi mpaka azikwe na watu watawanyike. Mwalimu alikwenda kwa mwalimu mkuu. Alirudi akasema tumekubaliwa, tuweke majembe chini, tutarekodi rambirambi. Kiranja akasema maneno ya pole kwa Kiingereza alichoandikiwa ubaoni. Tukaimba wimbo wa kanisani. Mwalimu alitaka kuzima, lakini wasichana wakasema haijakwisha, kwa sababu msiba bila kilio watu watadhani tumekwenda kutembea.

Kwetu anayelia humwita marehemu kwa jina, akamweleza aliyoyafanya, akamuuliza kwa nini anaondoka na nani atayafanya. Wasichana walianza polepole, kwa aibu, wakimwita Rasmus. Mimi nilifungua mdomo niseme Rasmus, na sauti iliyotoka sikuijua. Nilishika kichwa. Nilimwita Majura. Nilimuuliza mgongo wangu aliuacha na nani. Nilimwambia nilikuwa nataka kumwonyesha mama jino, kwa nini hakusubiri. Nililia mpaka nikakaa chini, na waliokuwa wanaigiza wakaacha kuigiza, darasa zima likawa linalia, kila mmoja nadhani na wake. Mwalimu alizima redio akaenda kusimama dirishani akitupa mgongo.

Siku hiyo nililala usingizi wa kweli. Nilijiambia amekwisha kuliliwa, basi.

Majibu yalichukua muda mrefu. Mihogo ilivunwa, maduka ya Musoma yakaanza kuwa na vitu, Mwalimu akapata betri mpya Bunda, ngumu na nzito, akatuachia tuzishike. Kanda ilipofika tulikaa kimya, na mtoto wa kikohozi ndiye aliyeanza. Aliongea, akakohoa, akaongea. Mwalimu akairudisha nyuma. Akasikiliza tena. Akazima.

"Rasmus alikuwa sungura," akasema.

Hakuna aliyeelewa. Akaeleza kwamba walimfuga kwenye sanduku la waya, ndani ya darasa, wamempa jina, na alipokufa wakamzika.

"Sungura huyu wa kuliwa?" Mkama akauliza.

"Huyohuyo."

"Na wakamzika? Wanazikaga nyama?"

Darasa lilipasuka. Watu walilala juu ya madawati. Mwalimu alijizuia kidogo, halafu naye akacheka mpaka akafuta macho kwa mkono wenye chaki, uso ukabaki na mistari myeupe. Mkama akanigeukia akanipa pole kwa heshima zote, akaniita mjane wa sungura. Jina likanishika palepale. Mpaka jioni lilikuwa limefika ziwani. Wavuvi waliniuliza kama nimeshagawa mali ya marehemu. Nyumbani baba alisema, "Nasikia umefiwa na kitoweo," akacheka, na bibi akacheka. Mama hakucheka. Nilidhani ni kwa sababu alikuwa amechoka.

Sungura hakunihusu. Kilichonitoa usingizini tena ni kitu kingine. Kama kilio kile kilikuwa cha sungura, basi si cha Majura. Nilikuwa nimempa kilio pekee nilichonacho ndani ya msiba ambao haukuwepo, na sasa msiba umefutwa kwa kicheko, naye amefutwa nao. Nilirudi kuyumba. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikatafuta mahali penyewe, na majani yalikuwa yameota sawasawa kote, nikashindwa kujua ni wapi.

Siku kadhaa baadaye Mwalimu alituambia tulicheka tukaacha upande wa pili wa kanda, na somo ni somo. Akaugeuza. Aliyeongea alikuwa msichana, taratibu, kama mtu anayevuka mto kwa mawe. Mwalimu alitafsiri sentensi kwa sentensi. Walikuwa wamesikiliza kilio chetu mara nyingi. Mwanzo waliogopa, halafu wakalia. Waliona aibu kutuambia kwamba ni sungura. Lakini kuna msichana mmoja halii kama wengine. Wengine wanasema Rasmus. Yeye anasema neno jingine, tena na tena. Walimuuliza mwalimu wao, akasema anafikiri ni jina la mtu. Wanaomba tuwaambie.

Halafu msichana yule akalisema jina. Alilivuta mahali pasipovutwa, lakini lilikuwa lenyewe. Majura ni nani?

Mkama alikuwa jirani yangu wa nyumba ya tatu. Darasa zima lilikuwa la kijiji kimoja, wote walijua. Mkama aliangalia dawati lake, akachuna kibanzi cha mbao kwa kucha, na tangu hapo hakuniita tena lile jina.

Mwalimu hakuniuliza mbele yao. Masomo yalipokwisha alifunga redio kwenye baiskeli akasema tunakwenda nyumbani, kwa sababu hawezi kupeleka jina la mtoto wa watu Ulaya bila wenyewe kujua. Njiani nilitembea mbele nikarudi nyuma, mbele nikarudi nyuma, mpaka akaniambia niishike baiskeli ili nitulie.

Mama alikuwa anapepeta dagaa uwanjani. Bibi alikuwa mkekani, miguu ameinyoosha. Mwalimu akasalimia, akamwamkia bibi, akakaribishwa kigoda. Alikuwa anaisikia lugha yetu lakini aliongea Kiswahili, na mama aliongea Kiswahili cha kubahatisha. Akaeleza mambo ya kanda, mambo ya sungura, na kwamba sasa watoto wale wanauliza swali. Bibi akasema ni swali gani hilo la kumtoa mwalimu shule. Mwalimu akaona ni rahisi wasikie wenyewe, akabonyeza.

Jina la mdogo wangu, tangu siku ile, lilitajwa kwetu kwa mara ya kwanza na mtoto asiyetujua, kutoka ndani ya redio. Ungo wa mama ulisimama. Dagaa wachache walianguka upande, na kuku akawaendea, na mama hakumfukuza.

"Waambie hakuna mtu," bibi akasema.

Mwalimu akasema kwa upole, "Bibi, wanauliza tu alikuwa nani."

"Mwanangu mwalimu, mtoto asiye na jino hatangazwi. Huyu mke wa mwanangu bado anazaa. Unataka tumfunge tumbo kwa ajili ya watoto wa Kizungu?"

"Alikuwa na jino," nikasema.

"Wewe nyamaza."

Nikasema tena. Miguu ilikuwa inataka kukimbia, lakini nilibaki. Nilisema nililishika kwa kidole hiki. Bibi akamwambia Mwalimu nisamehewe, tangu wakati ule sijakaa sawa, hata shuleni nimelilia nyama. Mwalimu aliangalia redio yake. Nikaona anatafuta namna ya kuinuka bila kukosa adabu, na nikajua akiinuka ndiyo basi.

Mama aliweka ungo chini. Akafuta mikono kwenye kanga, kidole kimoja kimoja, kama ana muda wote duniani. Hakumwangalia bibi. Alimwangalia Mwalimu, ambaye hakuwa ndugu.

"Hiyo redio inasikia lugha yetu?"

Mwalimu akasema inasikia lugha yoyote.

"Washa."

Akawasha. Mama akasogea karibu, akainama kuiangalia kama mtu anayechungulia kisimani, na akasema kwa lugha yetu, polepole, ili isikie.

"Majura ni mwanangu. Jino alikuwa nalo. La chini. Aliniuma nalo wakati ananyonya, nikampiga kofi dogo, akacheka. Sikumwambia mtu kwa sababu niliogopa kulia."

Nilisimama pale. Miezi yote nilidhani ni mimi peke yangu ninayejua. Sikuwahi kufikiri kwamba anayenyonyesha ndiye wa kwanza kulijua jino.

Mama alitaka kuendelea, lakini neno lililofuata halikuwa neno. Lilianzia chini, likapanda. Nilikuwa nimewasikia wanawake wakilia maisha yangu yote na sikuwahi kumsikia mama. Aliweka mikono kichwani akamwita mwanawe kwa jina, akamuuliza alikuwa na haraka gani. Mwalimu alisahau redio, akavua kofia. Mimi nilimshika mama kiunoni kwa nyuma, nikaweka shavu langu mgongoni pake, nikalia naye.

Kilio kwetu kina miguu. Kutoka mihogoni watu walianza kutokea, wanawake mbele, wameshika vichwa, hawajui wanamlilia nani lakini tayari wanalia. Mama yake Mkama alifika wa kwanza, magoti yana udongo. Alitutazama, akatazama mlango wa nyumba, akatafuta maiti kwa macho. Akamgeukia bibi, mkubwa wa nyumba, kwa kuwa ndiye wa kuulizwa.

"Nani, mama? Ni nani?"

Bibi alikuwa bado mkekani. Mkono wake ulikuwa unapapasa ukingo wa mkeka, huku na huku. Nilidhani atawafukuza. Alimwangalia mama muda mrefu, kisha akajifunika kanga kichwani, akajivuta pembeni ili wanawake wapate pa kukaa.

"Majura," akasema. "Mjukuu wangu. Kaeni."